Mgonjwa wa Niboye Asubiri Nini?

Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha mwongozo wa kulima, kusindika na kuuza nje bangi ya tiba. Serikali ikafafanua papo hapo kwamba ruhusa hiyo ni ya biashara ya nje, na kwamba kutumia bangi ndani ya nchi kunabaki kosa. Juni 2021 ikafuata amri ya Waziri wa Afya juu ya bangi na mazao yake. Tangu hapo mwekezaji anajua pa kuanzia: anajua leseni ya kuomba, ulinzi anaotakiwa kuuweka shambani, na ofisi itakayompa jibu. Mgonjwa anayeishi Niboye, wilayani Kicukiro, ndani ya jiji la Kigali, hana pa kuanzia. Katika majimbo mengi ya Marekani mtu mwenye maradhi kama yake angekuwa amekwisha jaza fomu na sasa anaulizia kadi yake imefikia wapi. Huyu wa Niboye hana fomu wala namba ya ombi, na kwa sababu hiyo hata kusubiri kwake hakuandikwi popote.

Ninachokitetea ni hiki: nchi inayojiruhusu kuikuza dawa kwa ajili ya wagonjwa wa mbali ina deni kwa mgonjwa wake mwenyewe, ila deni hilo lisilipwe kwa kadi. Lilipwe kwa cheti cha daktari, kwa chupa inayotoka famasia ya hospitali, na kwa ombi ambalo ni lazima lijibiwe ndani ya siku zilizotajwa. Wapinzani wako pande zote mbili, wanaoiona hoja hii imezidi na wanaoiona imepungua. Nimewapa sauti nne: mama wa mtoto mwenye kifafa, afande mstaafu, kijana aliyerudi nyumbani kutoka Marekani, na mfamasia. Si watu halisi. Ni misimamo, na kila mmoja nimejitahidi kuupa nguvu yake yote, kwa kuwa kumshinda mpinzani dhaifu hakumsaidii mgonjwa.

MAMA: Ninyi mnabishana juu ya sheria. Mwanangu ameshakunywa dawa tatu tofauti na bado anaanguka. Nasikia kuna mafuta ya bangi yanayopunguza kifafa, na nasikia nchi yetu imeruhusu ilimwe. Kama kulima kumeruhusiwa, mbona nikiuliza naambiwa ninyamaze?

Mama anastahili kujibiwa kwanza kwa ukweli wa tiba, maana hapo ndipo anapodanganywa zaidi. Wako wanaompa matumaini makubwa kuliko dawa yenyewe, na wako wanaomwambia hakuna kitu. Kitu kipo. Kinaitwa kanabidioli, kimojawapo cha viambata vya mmea wa bangi, na hakileweshi. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto na vijana wenye ugonjwa wa Dravet, aina ngumu ya kifafa inayoanza utotoni. Katika kundi lililopewa kanabidioli juu ya dawa zao za kawaida, idadi ya katikati ya degedege kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, na katika kundi lililopewa kimiminika kisicho na dawa ilitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji ya kanabidioli iliyosafishwa, kwa ugonjwa wa Dravet na ule wa Lennox-Gastaut. Kwa mtoto anayeanguka mara kumi na mbili kwa mwezi, kupunguziwa nusu ni tofauti ya kwenda shule na kutokwenda.

Jaribio hilohilo linaonyesha pia mipaka. Baadhi ya watoto walipata usingizi mzito na kuharisha, na vipimo vya ini vya wengine vilipanda, hasa waliokuwa wakitumia dawa nyingine ya kifafa iitwayo valproeti. Dawa ya namna hii inahitaji mtu wa kupima damu na kurekebisha kipimo. Tena si dawa ya kila mwenye kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Kwa hao wengi jibu ni dawa za zamani, fenobabitali na kabamazepini, zikipatikana kila mwezi bila kukatika kwenye kituo cha afya, pamoja na majirani wasiouita ugonjwa huu laana. Mafuta ya bangi hayaruki hatua hiyo. Ni ya mtoto aliyekwisha kupita hatua hiyo na bado anaanguka. Kwa hiyo, mama, njia ninayoitetea ni nyembamba, na huenda daktari akasema mwanao haingii. Lakini kauli hiyo itoke kwa daktari aliyempima mtoto, isitoke kwa jirani anayekuhimiza unyamaze.

AFANDE MSTAAFU: Njia nyembamba hupanuliwa na wajanja. Vijana wetu wamepelekwa Iwawa kwa sababu ya urumogi, bangi hiyohiyo mnayoipamba kwa jina la tiba. Leo ni mafuta ya mtoto. Kesho kila mwenye kuumwa kichwa ana karatasi ya daktari mfukoni. Sheria iko wazi, na ndiyo iliyoufanya mji huu uwe na usalama unaoufurahia.

Afande hasemi upuuzi. Kifungu cha 263 cha sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2018 kinampa mtumiaji wa dawa za kulevya kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili, au kazi za manufaa ya jamii. Na kwa muuzaji wa zile zilizowekwa kundi la hatari zaidi, bangi ikiwamo, adhabu inafika kifungo cha maisha. Sheria kali hivyo haikutungwa kwa mchezo. Kituo cha kurekebisha tabia kwenye kisiwa cha Iwawa, katika Ziwa Kivu, kimepokea vijana wengi mno kwa mtu yeyote kusema kwamba bangi haina madhara. Taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani, katika ripoti yao ya Januari 2017, zilikuta ushahidi mzito unaohusisha utumiaji wa bangi na magonjwa ya akili yanayomtenga mtu na uhalisia, hatari ikipanda kadiri matumizi yanavyozidi. Anayetetea dawa kwa kuficha jambo hilo anaiharibia dawa.

Ila naomba tulitazame lile ambalo Rwanda imekwisha kulifanya kwa kitu cha hatari kuliko kanabidioli. Mofini inalevya, inazoesha, na ikizidishwa inaua. Miaka ileile ambayo Marekani ilikuwa ikizika watu kwa vidonge vya jamii ya mofini, nchi zetu zilikuwa na tatizo la kinyume: mgonjwa wa saratani alikufa akipiga kelele kwa kukosa dawa hiyo. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zinazosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa nguvu ya mofini, nchi maskini zaidi zinapata tani 0.1. Rwanda haikukubali kubaki ndani ya hesabu hiyo. Mwaka 2011 iliweka sera ya kitaifa ya tiba shufaa, na baadaye ikaanza kutengeneza humu nchini mofini ya maji kutokana na unga ulioagizwa nje. Dawa hiyo inaandikwa na daktari, inafungiwa kabatini, inaingizwa daftarini, na inamfikia mgonjwa hata nyumbani kwake kupitia wahudumu waliofundishwa. Uganda ilitangulia: Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, uamuzi uliozishangaza nchi tajiri. Kigali haijajaa vijana walioharibiwa na mofini ya hospitali. Imebaki mikononi mwa wanaoihitaji, kwa sababu ilipewa njia inayojulikana na kila mtu aliye kwenye njia hiyo anawajibika.

Jambo la pili, afande, linahusu mahali anapokwenda mama huyu tusipomjibu. Haendi kulala. Anaulizia. Na anayempa jibu ni muuzaji ambaye adhabu inayomkabili haimpi sababu ya kuandika chochote juu ya chupa. Atamuuzia mmea wenye kileo kingi na kanabidioli kidogo, yaani kilekile unachokiogopa, na kitaingia mwilini mwa mtoto. Mama atakuwa mkosaji mbele ya sheria na mtoto atakuwa amezidishiwa ugonjwa. Wala hakuna polisi atakayeweza kutofautisha chupa ya tiba na chupa ya ulevi, kwa kuwa ile ya tiba haipo. Chupa yenye jina la mgonjwa, kipimo, tarehe na muhuri wa famasia ya hospitali ndiyo inayoyarahisishia kazi macho ya askari.

KIJANA ALIYERUDI: Basi kwa nini isiwe kadi? Huko nilikokuwa mgonjwa anabeba kadi yenye picha yake. Anaingia dukani, anachagua, na polisi akimsimamisha anaitoa. Cheti chako kinamrudisha mgonjwa chini ya kidole cha daktari. Kadi ni yake.

Kijana huyu ndiye mpinzani wangu mgumu, kwa sababu anazungumza kwa niaba ya mgonjwa na mimi pia nadai hivyo. Kaka, nakuomba uiangalie kadi hiyo ilikotoka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 iliiweka bangi kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu visivyotambuliwa kuwa na tiba, na kwa hiyo hakuna daktari aliyeweza kuiandika kama dawa. Novemba 1996 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 215, wakamruhusu mgonjwa kuitumia kwa ushauri wa daktari. Serikali kuu ikatishia kuwanyang'anya madaktari hao uwezo wa kuandika dawa, na ikawa kesi hadi mahakama ya rufaa ilipoamua mwaka 2002, katika shauri la Conant, kwamba daktari ana haki ya kumshauri mgonjwa wake. Kushauri tu. Kuandika cheti cha dawa kulibaki marufuku. Ndipo jimbo lilipotunga sheria ya vitambulisho mwaka 2003, ili mgonjwa awe na kitu cha kumwonyesha askari. Kadi ilizaliwa katika pengo kati ya serikali mbili zinazopingana juu ya mtu mmoja. Ni kiraka, na kwa mahali pale kilikuwa kiraka cha kishujaa. Rwanda haina serikali mbili juu ya jambo hili. Ina Wizara moja ya Afya na mamlaka moja ya dawa. Kuleta kadi hapa ni kuagiza kiraka cha nguo ambayo haijachanika.

Na kadi yenyewe inasema machache. Inasema mtu huyu ameruhusiwa. Haisemi anywe nini, kiasi gani, mara ngapi, wala nani atampima ini baada ya mwezi. Mama tuliyemsikia hahitaji ruhusa ya kuchagua dukani. Anahitaji mtu wa kumwambia ni mililita ngapi asubuhi na ngapi jioni, na afanye nini mtoto akisinzia kupita kiasi. Tena kadi humtangaza mtu. Niboye ni mahali ambapo watu wanajuana kwa umudugudu, yaani kijiji, wanakutana kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, na habari hupita nyumba kwa nyumba. Kitambulisho kinachomtaja mtu kuwa mtumiaji wa bangi, hata kwa tiba, kitambandika doa ambalo cheti cha hospitali hakiwezi kumbandika, kwa sababu cheti kinalindwa na siri ya tiba na hufanana na vyeti vingine vyote. Wewe unasema kadi ni ya mgonjwa. Mimi naona afya yake ni yake zaidi ikikaa kwenye faili ambalo wengine hawaruhusiwi kulifungua.

Lakini kuna jambo moja ambalo majimbo ya kadi yalijifunza kwa uchungu na sisi tunapaswa kulichukua bila aibu, nalo ni muda. Illinois ilitia saini sheria yake Agosti 2013, na duka la kwanza likauza Novemba 2015. Zaidi ya miaka miwili wagonjwa waliokwisha kutambuliwa na sheria walikaa bila kitu. Hata baada ya maduka kufunguliwa, ombi lilidai alama za vidole, na mgonjwa mwenye saratani akapangwa foleni ya kuchunguzwa kama mtu anayeomba kazi ya ulinzi. Mwaka 2018 jimbo lilirekebisha: likaondoa sharti la alama za vidole, na likaruhusu mgonjwa apate dawa kwa muda huku ombi lake likiendelea kushughulikiwa. Mwaka huohuo wapiga kura wa Oklahoma walipitisha sheria inayoitaka idara ya afya ijibu ombi ndani ya siku 14. Huo ndio utaratibu wa kuiga. Wala si mgeni kwetu: mtu anayeomba hati kupitia Irembo, mtandao wa huduma za serikali, huelezwa bei na siku za kungoja kabla hajalipa. Serikali iliyozoea kumwambia raia hati yake itatoka lini inaweza kumwambia pia jibu la dawa ya mwanawe litatoka lini.

MFAMASIA: Kwenye cheti tuko pamoja. Lakini Uingereza ina cheti tangu 2018, na nenda ukaulize familia za kule kama wanakipata. Halafu kuna bei, ambayo umeikwepa. Na kuna maumivu: wengi watakaokuja si watoto wenye Dravet, ni wazee wenye mgongo. Daktari mwaminifu awaandikie nini?

Mfamasia amegusa pale panapouma. Mwaka 2018 Uingereza ilitikiswa na habari za watoto wawili wenye kifafa, Alfie Dingley na Billy Caldwell, ambao familia zao zilipigania mafuta ya bangi hadharani. Tarehe 1 Novemba mwaka huo sheria ikabadilika, madaktari bingwa wakaruhusiwa kuandika. Miaka ikapita, na vyeti vya bidhaa zisizosajiliwa vilivyotolewa na huduma ya afya ya umma vikabaki vya kuhesabika kwa vidole. Familia zenye fedha zilikwenda kliniki binafsi. Zisizo na fedha zilibaki zilipokuwa. Sababu inaeleweka. Bunge lilifungua sheria bila kuiandaa hospitali: dawa nyingi hazikuwa na usajili, daktari aliyeandika alibeba lawama peke yake, na mwongozo wa kitaifa ulipotoka Novemba 2019 ulikubali matumizi machache tu. Kwa hiyo kilichoshindwa kule ni cheti kilichoachwa yatima. Ninachokiomba hapa kina wazazi: orodha fupi ya maradhi iliyotolewa na Wizara, mafunzo kwa madaktari wa mishipa ya fahamu, wa watoto na wa saratani kwenye hospitali za rufaa, akiba ya dawa yenyewe, na jopo linalobeba uamuzi pamoja na daktari ili asiwe peke yake. Afrika Kusini ina kifungu cha 21 cha sheria yake ya dawa ya mwaka 1965, ambacho daktari hukitumia kuiomba mamlaka impe mgonjwa wake, kwa jina, dawa ambayo haijasajiliwa. Bangi ya tiba imepitia njia hiyo bila nchi kulazimika kutunga sheria nzima upya. Sheria inaweza kuruhusu kwenye karatasi kile ambacho kabati la hospitali halina, na mgonjwa hatibiwi na karatasi.

Kuhusu maumivu, nasema waziwazi kwamba wazee wa mgongo wasiingie kwenye orodha ya kwanza. Ripoti ile ya Januari 2017 ilikuta ushahidi mzuri kwa maumivu sugu ya watu wazima, kwa kichefuchefu cha matibabu ya saratani, na kwa kukakamaa kwa misuli ya wenye ugonjwa unaoharibu utando wa mishipa ya fahamu. Lakini mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kiliupitia ushahidi tena na kikakataa kuunga mkono matumizi ya bangi kwa maumivu, kikisema majaribio hayatoshi. Wataalamu wanapogongana hivyo, nchi yenye madaktari bingwa wachache ianze pale wasipogongana: kifafa kisichosikia dawa, na kichefuchefu cha saratani pale dawa za kawaida zinaposhindwa. Maumivu ya saratani yana mofini tayari, na ni nzuri. Najua uamuzi huu utamuumiza mtu anayeteseka na ambaye huenda bangi ingemfaa. Naukubali uchungu huo kwa sababu njia iliyojaa watu wenye ushahidi dhaifu itafungwa kwa kila mtu siku ya kwanza afande atakapokuta chupa moja mahali pasipostahili.

Bei sijaikwepa, nilikuwa naiachia nafasi yake. Epidiolex ilipoingia soko la Marekani ilitajiwa kiasi cha dola 32,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Hakuna bima ya jamii ya nchi yetu itakayobeba hilo, na nikimwambia mama avumilie hadi bei ishuke nitakuwa namdhihaki. Hapa ndipo leseni za kilimo zinapopaswa kugeuzwa kuwa dawa. Anayepewa ardhi ya Rwanda na ulinzi wa Rwanda ili aizalishe bangi ya tiba, awekewe sharti la kuacha nchini sehemu ndogo ya zao lililosafishwa, kwa bei ya kutengenezea, kwa ajili ya hospitali za rufaa. Kiasi kinachohitajika kwa orodha fupi niliyoitaja ni kidogo sana kulinganisha na shehena ya kuuza nje; hakiwezi kumfilisi mtu. Kusafisha kanabidioli hadi ifae mtoto si kazi ya jikoni, inataka maabara na mkaguzi mkali, na mpaka viwepo itabidi dawa iagizwe kwa wachache walio hatarini zaidi. Lakini mkaguzi tunaye. Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mamlaka ya dawa ya Rwanda, Rwanda FDA, imefikia daraja la tatu la ukomavu, daraja ambalo nchi chache za Afrika zimelifikia. Makao makuu ya Wakala wa Dawa wa Afrika yamepewa Kigali. Mji unaoaminiwa kukagua dawa za bara zima una uwezo wa kukagua chupa ya mtoto wa Niboye.

Wapo watakaosema tuuze kwanza, tuwahudumie wetu fedha zikishaingia. Hoja hiyo imezagaa kote: Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017 soko la nje likiwa akilini, Malawi ikafuata mwaka 2020, na katika uchaguzi wa Kenya wa 2022 George Wajackoyah aliinadi bangi kwa wapiga kura kama njia ya kulipa deni la taifa. Mapato ni jambo zuri na sina ugomvi nayo. Ila mgonjwa aliyewekwa mwisho wa mpango huo hapewi tarehe, na soko la nje halina sababu ya kumkumbuka. Sharti la dawa ya ndani likiandikwa kwenye leseni ya leo halimgharimu mwekezaji chochote asichokitarajia. Likija baada ya miaka kumi litaitwa uvunjaji wa mkataba.

MAMA: Nimewasikia wote. Sasa niambieni jambo moja. Nikipeleka ombi, wakanyamaza, au wakakataa, nifanye nini?

Ombi, mama, lipelekwe na daktari, si wewe, na lianzie hospitali ya wilaya ili usilazimike kuzunguka mji mzima na mtoto mgonjwa mgongoni. Siku ya kupokewa kwake uandikiwe risiti yenye namba na tarehe ya mwisho ya jibu. Nimeziona siku 14 zikiwekwa kwingine na sioni kwa nini hapa ziwe zaidi. Siku hizo zikipita bila jibu, jopo liwe limepoteza haki ya kunyamaza: cheti cha daktari kifanye kazi kwa mwezi mmoja, chini ya uangalizi wake, huku jopo likimaliza kazi yake. Risiti hiyo na cheti hicho viwe kinga yako mbele ya askari yeyote. Na wakikataa, wakatae kwa maandishi, wakitaja sababu ya kitabibu inayoweza kujibiwa na daktari mwingine: kwamba aina ya kifafa chake si ile iliyothibitishwa, au kwamba ini lake haliruhusu, au kwamba iko dawa ya kawaida ambayo hajajaribiwa kwa kipimo kamili. Chini ya sababu hiyo waandike dawa atakayojaribiwa badala yake, daktari atakayemwangalia, na tarehe ya kumrudisha hospitali.